Ahadi ya Ndoa Hufungwa na Mtu ao na Sura Yake?



Ulizo tunaloleta leo ni zito. Tunawaomba mlisome mpaka mwisho mbele ya kutoa hukumu.

Ni hivi. Bwana na bibi wameoana. Mahari imetolewa, jamaa mbili zimekula pamoja, ahadi imesemwa mbele ya Mungu. Watoto wamezaliwa. Kisha, baada ya miaka kumi ao ishirini, bwana anamwambia bibi yake kwamba tangu utoto anajijua moyoni kuwa mwanamke, na kwamba hawezi tena kuishi kama mwanaume. Anakwenda kwa wanganga, anatumia dawa miezi na miaka, anabadili mavazi na jina, pengine mwishowe anapasuliwa. Jambo hili huitwa kubadili jinsia. Sasa bibi afanye nini? Watoto wamwite nani? Na ile ahadi, imebaki ao imekufa?

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Lakini ndugu zetu wanaishi Brussels, Paris, London na Toronto, na watoto wao wanakaa darasani pamoja na watoto wa nyumba za namna hiyo. Tena mmoja wa wanganga waliojulikana zaidi kwa upasuaji huu, Mfaransa Georges Burou, alifanya kazi yake Casablanca, Moroko, katika Afrika yetu hii. Zaidi ya hayo, ulizo hili linapima ahadi zetu sisi wenyewe, kama moto unavyopima chungu.

Hatutahukumu hapa tendo lenyewe. Kuna watakaotaja kifungu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 22 juu ya mavazi. Kuna watakaotaja towashi wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume sura ya 8, ambaye Filipo hakumnyima maji ya ubatizo. Mabishano hayo yana mahali pake. Sisi tunauliza juu ya wale wanaobaki ndani ya nyumba: bibi anadaiwa nini, na mtoto anadaiwa nini?

1. NYUMBA MOJA YA WALES

Mwaka 1949, mwandishi Mwingereza aliyeitwa James Morris alimwoa Elizabeth Tuckniss. Mwaka 1953 jina la Morris lilijulikana sana, sababu ni yeye aliyepeleka habari kwa gazeti la London kwamba watu wamefika kileleni mwa mlima Everest. Walizaa watoto watano, na mmoja alikufa akiwa mchanga. Katika miaka ya 1960 Morris akaanza kutumia dawa za kubadili mwili, na mwaka 1972 akasafiri kwenda Casablanca kupasuliwa. Tangu hapo aliitwa Jan. Mwaka 1974 alitoa kitabu kiitwacho Conundrum, ambamo alieleza habari zake mwenyewe.

Sheria ya Uingereza wakati ule haikukubali kwamba watu wawili wenye jinsia moja wawe bwana na bibi. Kwa hiyo Jan na Elizabeth walilazimika kuachana mbele ya sheria. Lakini katika nyumba hawakuachana. Waliendelea kukaa pamoja Wales, wakalea watoto wao, wakazeeka pamoja. Mwaka 2008, sheria ilipokuwa imebadilika, walikwenda tena mbele ya ofisi ya serikali wakaandikishwa kuwa wenzi. Elizabeth alisema wakati huo kwamba ahadi aliyoitoa miaka 59 mbele bado anayo. Jan alikufa Novemba 2020, akiwa na miaka 94.

Hatusemi kwamba nyumba hiyo ilikuwa bila machozi. Hakuna nyumba bila machozi, na yanayopita usiku kati ya watu wawili hayaandikwi magazetini. Lakini jambo moja tunaliona wazi: karatasi ya serikali ilisema ndoa imekufa, na bibi akasema haikufa. Ni nani aliyekuwa na haki ya kusema?

2. SHERIA ILIYOVUNJA NDOA ILI KUILINDA NDOA

Uingereza haikuwa peke yake. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1980: mtu anayetaka kutambuliwa katika jinsia nyingine asiwe katika ndoa. Kama ana bibi, aachane naye kwanza. Mwaka 2008 tribinali kuu ya katiba ya nchi hiyo ilipokea shauri la mzee mmoja aliyekuwa katika ndoa zaidi ya miaka 50, mwenye watoto watatu. Yeye na bibi yake hawakutaka kuachana. Tribinali ilikata neno kwamba Leta haiwezi kumlazimisha mtu kuchagua kati ya ndoa yake na kutambuliwa jinsi alivyo. Mwaka uliofuata sharti hilo liliondolewa.

Lakini shauri linalotugusa zaidi sisi waamini ni lile la Finlandi. Heli Hämäläinen alikuwa ameoa bibi mwaka 1996, nao walipata mtoto mwaka 2002. Mwaka 2006 alibadili majina yake. Alipoomba hati zake zimtaje kuwa mwanamke, ofisi ilimkatalia. Kwa sheria ya huko, ndoa ingegeuzwa kuwa mapatano ya wenzi wa jinsia moja kama bibi yake angekubali, la sivyo waachane kwanza.

Wawili hao walikataa yote mawili. Walikataa kugeuza ndoa, sababu waliona mapatano yale hayawalindi wao na mtoto wao kama ndoa inavyolinda. Na walikataa talaka kwa sababu ya imani yao. Walisema mbele ya waamuzi kwamba kuachana ni kinyume cha dini yao. Shauri lilifika mpaka Tribinali ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg. Julai 2014 waamuzi 14 kwa 3 waliamua kwamba Finlandi haikuvunja haki zao. Baadaye nchi yenyewe ilibadili sheria ya ndoa, nayo ilianza kutumika Machi 2017.

Tazameni ajabu hii. Leta ilitaka kulinda neno "ndoa", kwamba ni ya mwanaume na mwanamke. Ili kulilinda neno, ikawa tayari kuivunja ndoa yenyewe, yenye miaka mingi na mtoto mmoja. Na waliosema "hatuachani, sababu tuliahidi" walikuwa ndio wanaoshitakiwa kuiharibu ndoa.

Katika nchi yetu njia hiyo haipo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia iliyo kinyume na yake. Na Kodi ya Familia ya mwaka 1987 inaruhusu tribinali kuvunja ndoa pale umoja wa bwana na bibi umeharibika kabisa. Lakini Kodi haiwezi kutuambia umoja ni nini. Hilo tulitafute wenyewe.

3. MAFUNDISHO MAWILI YANAPOGONGANA

Sisi tunashika mafundisho mawili juu ya ndoa. La kwanza: ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. La pili: mwanadamu asiitenganishe. Katika nyumba zote tunazozijua, mafundisho hayo yanatembea pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja. Katika nyumba hii ya leo mguu mmoja unakwenda kuume na mwingine kushoto.

Ukishika la kwanza peke yake, utamwambia bibi: ondoka. Nawe utakuwa umetenganisha. Ukishika la pili peke yake, utamwambia: baki. Na wengine watakuuliza ni ndoa gani hiyo. Na ukisema tu, "Huyo bwana atubu, mambo yaishe", umejiondolea wewe ulizo, lakini haukumwondolea bibi. Siku unayoingojea pengine haitafika, na yeye leo jioni anapaswa kupika chakula na kulala mahali fulani.

Basi tuulize: siku ile ya ahadi, tuliahidi nini?

Fikirini mabwana walioshuka katika mashimo ya Kolwezi wakatoka na mgongo uliovunjika, wasiweze tena kuwa mabwana chumbani. Tunawaambia bibi zao: bakieni. Fikirini mama aliyetolewa kizazi hospitalini. Bwana akimfukuza, wazee wa kanisa wanamkemea. Fikirini aliyerudi kutoka vitani na akili nyingine, analia usiku na kupiga watu ambao hawapo. Fikirini mzee aliyesahau hata jina la bibi yake. Katika hayo yote tunasema: haukuolewa na mgongo, haukuoa kizazi, haukufunga ndoa na kumbukumbu. Ulifunga na mtu. Kumbe tayari tunafundisha, bila kujua, kwamba ahadi hufungwa na mtu, si na sura yake.

Mwenye akili atajibu: hao wote hawakuchagua. Mgongo ulivunjwa na jiwe. Huyu amechagua mwenyewe.

Neno hilo ni la nguvu, tusilipite haraka. Wanaopita katika jambo hili husema hawakuchagua kuwa vile walivyo. Walichochagua ni kutoendelea kuficha. Tena hatuwezi kuliondoa kwa kusema ni wazimu, sababu Shirika la Afya Duniani, OMS, katika orodha yake mpya iliyokubaliwa mwaka 2019, liliondoa jambo hili katika fungu la magonjwa ya akili. Lakini tuseme hata hivyo kuna uchaguzi ndani yake. Kunywa dawa ni kuchagua. Kwenda kwa munganga ni kuchagua. Basi uchaguzi huo unatufundisha nini? Unatufundisha kwamba aliyechagua ana deni. Bwana aliahidi kuwa bwana. Sasa hawezi kutoa kile alichoahidi, hata kama mtu yule yule bado amesimama pale, na sauti ile ile, na upendo ule ule kwa watoto wake.

Kwa hiyo ni kweli zote mbili. Mtu amebaki, na deni halikulipwa. Anayesema "hakuna kilichobadilika" anamdanganya bibi. Na anayesema "bwana yako amekufa" anamdanganya vilevile.

4. DENI NI LA BIBI, NA NI YEYE ANAYEWEZA KULISAMEHE

Tunajua wote sheria ya deni. Mtu akikudai, wewe mwenyewe utalipa ao utaomba usamehewe. Na anayeweza kusamehe ni yule anayedai. Jirani hawezi kusimama barabarani na kusema, "Nimekusamehe franga za fulani." Wala hawezi kumzuia fulani asisamehe, akisema, "Dai, hata kama hautaki."

Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye kudai ni bibi. Kama anasema, "Nilitaka bwana, na sasa sina bwana, siwezi," anadai kilicho haki yake. Wala asiitwe mwenye imani ndogo. Kanisa likimlazimisha kubaki, linasamehe deni ambalo si lake. Na kama anasema kama Elizabeth, kwamba ahadi yake bado anayo, anasamehe kilicho chake, na hakuna mzee wala mchungaji mwenye haki ya kumwondoa katika nyumba yake kwa nguvu. Wengine hubaki kama dada wawili ao marafiki, wakiwa na chakula kimoja na watoto wamoja, bila mambo ya chumbani. Ni wangapi kati ya wazee wetu wanaishi hivyo kwa sababu ya uzee ao ugonjwa, na hatusemi ndoa yao imekwisha?

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto sura ya 7, alikutana na jambo lililo karibu na hili: nyumba ambamo mmoja amegeuka na mwingine hakugeuka, kwa habari ya imani. Hakutoa amri moja kwa nyumba zote. Aliangalia kama yule mwingine anakubali kukaa kwa amani. Akikubali, asiachwe. Akiondoka, aliyebaki hafungwi. Na katikati ya maneno hayo aliwakumbuka watoto, kwamba wasihesabiwe kuwa wachafu. Sisi tufuate mwendo huo wa taratibu.

Lakini na yule anayebadilika asikie deni lake. Bibi asijue mambo haya kwa kukuta dawa katika sanduku, ao kwa kusikia kutoka kinywa cha jirani. Ampe kweli mapema, na kisha ampe wakati. Yeye amekaa na ulizo hili miaka thelathini moyoni, na bibi analipokea jioni moja tu. Ni haki gani kumdai jibu asubuhi? Kila hatua inayogusa nyumba, pesa na watoto, aizungumze naye mbele ya kuifanya. Asiseme, "Ni mwili wangu," kama kwamba nyumba haikujengwa juu ya miili miwili.

5. MTOTO HANA TALAKA

Tumesema bibi anaweza kusamehe ao kudai. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Mtoto hakuahidi kitu, hakuchagua mtu, hakusimama mbele ya mchungaji. Aliletwa. Kwa hiyo mzazi hawezi kujiuzulu kwa mtoto, na mtoto hawezi kuambiwa kwamba mzazi wake amekwisha. Hata tribinali ile ya Strasbourg, iliyomkatalia Hämäläinen, iliona kwamba ubaba wake kwa mtoto haungeguswa na mabadiliko ya hati zake. Tuseme basi yanayompasa mtoto.

Kwanza, kweli. Mtoto aambiwe na wazazi wenyewe, wote wawili wakiweza, kwa maneno ya umri wake. Wanaoshughulika na familia hizi wameona kwamba watoto wadogo mara nyingi hupokea jambo hili kwa urahisi kuliko vijana wa miaka kumi na tatu ao kumi na tano. Wameona pia kwamba kinachoumiza sana ni vita kati ya baba na mama, na kukatwa ghafula na mmoja wao.

Pili, asibebeshwe siri. Kumwambia mtoto, "Usiseme popote," ni kumweka gunia la makala mgongoni na kumtuma shule.

Tatu, asifanywe mwamuzi. Bibi mwenye uchungu asimwite mtoto amchekee baba yake. Na yule aliyebadilika asimdai mtoto furaha. Mtoto atalia. Analilia mtu ambaye hakufa, na kwa kilio cha namna hiyo hakuna matanga, hakuna majirani wanaokuja kukaa naye. Aachiwe alie. Kulia kwake si kukosa heshima.

Nne, jina. Kiswahili chetu kina wema mmoja: neno "yeye" halitofautishi mwanaume na mwanamke. Taabu inakuja kwa neno "baba". Wengine wanafikiri ni lazima mtoto aliache, wengine ni lazima alishike. Lakini sikieni wazee wetu wa Kasayi. Katika Tshiluba, shangazi, dada ya baba, huitwa "tatu mukaji", maana yake baba wa kike. Hakuna anayefikiri dada huyo ni mwanaume. Anaitwa baba kwa sababu ana deni la baba na heshima ya baba kwa watoto wa ndugu yake. Wazee walijua kwamba neno "baba" linataja deni mbele ya kutaja mwili. Basi mtoto akiendelea kusema "baba" kwa mtu aliyevaa kanzu ya kike, asigombezwe na upande wowote. Anataja deni ambalo halijafutwa. Na kama nyumba ikisikilizana juu ya jina lingine, mtoto asitukanwe vilevile.

Tano, minerval, chakula na viatu. Kuna wanaume wengi waliobaki wanaume kabisa, tena wenye sauti kubwa kanisani, ambao watoto wao wamefukuzwa shule kwa kukosa minerval. Na kuna mzazi aliyebadili jina na mavazi, ambaye kila mwezi analipa, anafika kwa mkutano wa wazazi, anakaa usiku na mtoto mwenye homa. Kati ya hao wawili, ni nani aliyemwacha mtoto?

6. NA SISI TULIO NJE YA NYUMBA HIYO

Pengine siku moja, katika parokia ya ndugu zetu Ulaya, mama atafika na watoto wawili, na watu watanong'ona juu ya bwana yake. Yampasa mama huyo asifanywe mfano wa mahubiri akiwa amekaa pale mbele ya wote. Yampasa asipewe shauri na kila mtu anayepita mlangoni, bali awe na wamama wawili ao watatu wa kumsikiliza bila kumsukuma. Na watoto wake wakae katika masomo ya Yenga pamoja na wengine, waitwe kwa majina yao, wasiulizwe habari za nyumbani. Mtoto ambaye wenzake wamemcheka kanisani hatasahau mahali alipochekwa.

Tusifikiri kwamba kwa kuwakaribisha hao tumejibu maulizo yote ya jinsia. Hatukuyajibu. Tumelinda tu yale ambayo tayari tulikuwa tunayaamini: kwamba ahadi si nguo ya kuvuliwa na Leta ao na jirani, kwamba anayedai ndiye anayesamehe, na kwamba mtoto hapewi talaka na mtu yeyote.

Nanyi vijana mnaotayarisha ndoa, msiulizane tu juu ya mahari na sherehe. Ulizaneni kweli za moyo wakati bado kuna nafasi, na anayeficha jambo zito aliseme mbele ya siku ya ahadi, hata kama litavunja uchumba. Uchumba ukivunjika, wanalia watu wawili. Nyumba ikivunjika, wanalia na wale ambao bado hawajajua kusema.

Mungu azilinde nyumba zenu, awape bibi na bwana masikilizano, na asimwache mtoto hata mmoja peke yake na kilio chake. Amina.